Amechoka au Amelegea

Huko Kakuyuni, mtu akipata barua ya Kiingereza, iwe ya shule, ya hospitali au ya ofisi ya ardhi, alikuwa na mahali pamoja tu pa kuipeleka: kwa Linet Dzombo, fundi wa cherehani. Linet angeisimamisha cherehani, afute mikono kwa kipande cha kitambaa, aisome barua kimya mpaka mwisho, kisha aieleze kwa Kigiriama taratibu, kana kwamba yeye ndiye aliyeiandika. Alikuwa amemaliza kidato cha nne akiwa na alama nzuri ya Kiingereza na alama za kusikitisha katika mengine yote, na hicho Kiingereza ndicho kitu alichojivunia waziwazi. Mumewe, Gerishom, alimtania kwamba hata kuku wake huwafukuza kwa Kiingereza.

Basi mwaka mmoja madaktari wa kigeni walipopiga kambi ya siku tatu kwenye uwanja wa shule, na mkalimani waliyemwandika asitokee, watu walimtoa Linet kwenye foleni. Yeye alikuwa amekwenda kupimwa macho tu. Akaketishwa kando ya daktari mmoja mrefu, shati limemganda kwa jasho, akaanza kazi.

Siku ya kwanza aliogopa. Siku ya pili akaona raha. Mtu mzima aliyesoma miaka ishirini alikuwa anamsubiri yeye afungue mdomo ndipo ajue la kufanya. Kufikia saa saba mchana alikuwa amewatafsiria watu zaidi ya sitini, na karibu wote walikuwa na neno moja: nimechoka. Miguu imechoka, mgongo umechoka, moyo umechoka. "Tired," alisema Linet. "Tired." Daktari akawa anaitikia kwa kichwa kabla yeye hajamaliza.

Hapo akaja Nyevu, Mama Dena kwa majirani, mama wa watoto watatu aliyekaa kwenye njia ya kanisani, na mdogo wao, Ziro, wa miezi minane, amefungwa ndani ya leso ya manjano. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeangukia nje ya kiwiko cha mamake. Nyevu alieleza kwa Kigiriama kwamba mtoto anaharisha tangu juzi na hataki kunyonya. Kisha, kama Linet alivyokuja kukumbuka, akasema mtoto amelegea.

"He is tired," akasema Linet.

Daktari akamgusa mtoto paji la uso, akasikiliza kifua, akatoa pakiti mbili za dawa ya kuchanganya na maji, akasema mtoto apewe kidogokidogo na aachwe apumzike. Linet akalitafsiri hilo vizuri kabisa. Nyevu akashukuru, akaondoka, na mzee aliyefuata akakalia kiti kikiwa bado na joto.

Siku ya nne, kambi ikiwa imekwisha kung'olewa, mteja mmoja alimletea Linet shati la shule lililopasuka kwapa.

"Umesikia?" akauliza. "Yule mtoto wa Nyevu wamemzika jana."

Linet alikuwa anatia uzi kwenye sindano. "Alikuwa na nini?"

"Kuharisha. Lakini wanasema alilegea tu. Alilegea, alilegea, akazima."

Hakuna aliyemlaumu. Hakuna hata aliyemfikiria. Msibani watu walisema ni kazi ya Mungu, na wengine wakanong'ona kuhusu jicho baya, lakini mkalimani hakutajwa na mtu. Linet peke yake ndiye aliyelisikia neno hilo likigeuka na kumtazama. Alilegea. Na yeye alisema nini?

Tangu siku hiyo "tired" likawa halimwachi. Alilisikia redioni katikati ya tangazo la dawa ya maumivu. Alilisoma kwenye fulana ya mtumba iliyoletwa ipunguzwe, limeandikwa kwa herufi nyekundu kifuani, akairudisha fulana bila kuigusa akasema uzi umemwishia. Bintiye Emily alipokuwa akifanya kazi ya nyumbani, akasoma kwa sauti kwamba mvulana fulani alikuwa "tired" baada ya kucheza mpira, Linet aliondoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba, kwenye mihogo. Mchana kweupe, mkono wa shati ukining'inia kwenye ukingo wa meza ya cherehani, alikuwa akiuinua upesi na kuulaza mezani. Alifanya hivyo mara nyingi mpaka Emily akamuuliza, "Mama, shati lina nini?"

Akaazima kamusi ndogo ya Emily. Maana iliyoandikwa pale ilikuwa fupi: mtu anayehitaji kupumzika au kulala. Linet aliisoma mara tatu. Kumbe ndivyo alivyomwambia daktari, kwamba mtoto anahitaji kulala. Na daktari akasema aachwe apumzike.

Akaanza kutafuta neno ambalo angelisema. Kamusi ile ilikuwa ya watoto, haikumfikisha mbali, kwa hiyo akamwendea Mwalimu Nyaboke, mjane mtu wa Kisii aliyestaafu ualimu na kubaki Malindi, mtaa wa Shella, ambaye Linet alimshonea mapazia.

"Nataka Kiingereza kikubwa zaidi," akamwambia.

"Mtihani gani unafanya?"

"Hakuna mtihani, Mwalimu."

Nyaboke alimtazama juu ya miwani, akamwambia aje Jumamosi na daftari. Njia yake ilikuwa moja, na hakukubali ifupishwe. Kwanza maana ya neno, kwa maneno yako mwenyewe, si ya kamusi. Kisha visawe vyake vyote unavyoweza kuvipata. Kisha ulitoe neno kwenye sentensi, uweke kisawe chake, usikilize.

"Visawe havilingani," alisema. "Wanafunzi wangu walidhani ukijua matano basi unachagua lolote lile. Hapana. 'Weary' amechoka kwa siku nyingi. 'Exhausted' amemaliza nguvu zote. 'Sleepy' ana usingizi, 'drowsy' usingizi unamvuta hata hataki. Sasa niambie tofauti ya hayo mawili ya mwisho bila kufungua kitabu."

Linet alijifunza kwa namna iliyomtia mwalimu wasiwasi. Alirudi kila Jumamosi akiwa ameyashika yote. Aliandika "listless", mtu asiye na hamu ya kitu chochote. Aliandika "lethargic", aliyezidiwa na uzito wa mwili. Jumamosi ya sita au ya saba wakafika kwenye "limp". Nyaboke akaeleza kwamba likiwa kitenzi ni kuchechemea, lakini likiwa sifa ni kitu kisichoweza kujishikilia: kitambaa kilichotoka majini, ua lililokosa maji, mtoto ambaye shingo yake haisimami.

Kalamu ya Linet ikasimama. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Silabi moja tu. Lingetoka mdomoni kwa muda uleule uliolitoa lile jingine.

"Nimeangalia daftari lako," akasema Nyaboke. "Mbona maneno yako yote ni ya mgonjwa? Hakuna hata 'happy' humu."

"Nitaliandika, Mwalimu," akasema Linet. Hakuliandika.

Daftari la kwanza likajaa, akaanza la pili, kisha la tatu. Alipomaliza maneno ya kulegea akahamia ya maumivu, yanayochoma, yanayodunda, yanayokuja na kuondoka, kisha ya homa, ya kikohozi, ya hofu. Watu wa Kakuyuni waliona barua zao zinaelezwa vizuri kuliko zamani wakamsifu. Yeye alizijibu sifa zile kwa kuomba barua inayofuata. Na kwa miaka yote hiyo hakupita mbele ya nyumba ya Nyevu. Akitoka kanisani alizunguka kwa nyuma ya dispensari. Nyevu naye hakuleta nguo kwake tena, hata sare za watoto alizipeleka kwa fundi wa mbali, na Linet alishukuru bila kujiuliza sababu.

Mwaka wa nne madaktari wale walirudi. Mwaka wa tatu pia walikuja, Linet akasema anaumwa. Safari hii Gerishom alimwambia, "Ukikataa watamchukua kijana wa duka la simu, na yule anajua Kiingereza cha mpira tu." Linet akaenda.

Daktari aliyepewa alikuwa mwanamke kijana, mpole, aliyeandika kila kitu. Asubuhi ilipita salama. Karibu na adhuhuri pazia likafunguliwa, akaingia Nyevu. Alikuwa amekonda. Aliketi, akaweka mikono magotini, akamwamkia daktari, kisha akamwamkia Linet kwa sauti ndogo zaidi.

Alisema hapati usingizi. Alisema kifua kinakuwa kizito kana kwamba kuna mtu amekikalia, na wakati mwingine akiwa shambani anamsikia mtoto analia, anatupa jembe, anakimbia nyumbani, anakuta hakuna mtoto. Linet alitafsiri. Maneno yalikuja yenyewe, kila moja mahali pake, "heavy", "pressing", "restless", na daktari akaandika.

"Muulize imeanza lini," daktari akasema.

Linet akauliza. Nyevu hakumtazama daktari. Alimtazama Linet.

"Mwambie tangu siku niliyodanganya."

"Ulidanganya nini, Mama Dena?"

"Wewe ulikuwepo, Mama Emily. Ulisikia. Nilisema mtoto amechoka. Nilikuwa namwona amelegea, shingo haishiki. Lakini nilijua nikisema hivyo watampakia garini wampeleke hospitali kubwa Malindi, na nyumbani nilikuwa nimewaacha wawili peke yao, baba yao yuko Sabaki analima. Ndipo nikasema amechoka. Wewe ulimwona shingo, ukanisikia nadanganya, ukaninyamazia. Ndiyo maana sipiti kwako. Mwambie daktari yote hayo."

Sivyo Linet alivyokumbuka yeye. Lakini kazi yake ilikuwa moja, na aliifanya. Aliyasema yote kwa Kiingereza, bila kuruka. Alipofika pale mama alipomwona mtoto "limp", neno lilitoka wazi, na daktari akaacha kuandika.

Kisha Linet akamgeukia Nyevu na kuvunja kanuni ya kila mkalimani.

"Hukusema amechoka," akamwambia. "Ulisema amelegea. Mimi ndiye niliyemwambia daktari amechoka. Neno hilo nilikuwa nimelisema tangu asubuhi, likanitoka tu."

"Acha, Mama Emily."

"Nilikusikia kwa masikio haya."

"Na mimi nilisema kwa mdomo huu. Utanifundisha nilichosema?"

"Miaka minne, Nyevu. Miaka minne nalisikia."

"Na mimi nalala nalo!"

Watu wa kwenye foleni wakasogeza pazia kuchungulia. Daktari akawatazama mmoja baada ya mwingine, akauliza wanasema nini. Linet, mwenye madaftari matatu nyumbani, alitafuta neno akalikosa. Mwishowe akasema kwamba hawakubaliani.

Daktari aliweka kalamu chini. Akasema, polepole, kwamba yeye hakuwepo siku ile, lakini mtoto wa miezi minane hujisemea kwa mwili wake, na aliyepaswa kumwinua na kumtazama shingo ni daktari, neno liwe lolote. Linet akatafsiri. Nyevu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ni mtu mwema huyu," akasema, kama mtu aliyekaribishwa chakula akiwa ameshiba. "Mwambie asante."

Aliandikiwa dawa na karatasi ya kumwona mshauri huko Malindi. Jioni Linet alimkuta anamngoja kwenye lango la shule, wakatembea pamoja mpaka kwenye mikorosho. Ni baada ya kuachana naye ndipo jambo lilipomjia Linet, likamsimamisha njiani. Yule mteja wa shati lililopasuka kwapa. Yeye ndiye aliyesema alilegea, alilegea, akazima. Je, ni kwa Nyevu alikolisikia neno lile, au kwa mteja, akalirudisha nyuma mwenyewe mpaka kwenye kile kiti cha wagonjwa? Alijaribu kuisikia sauti ya Nyevu wa siku ile. Alisikia sauti, lakini ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Siku hizi anapotafsiri humwomba mgonjwa aseme mara mbili, wakati mwingine tatu, na watu wananung'unika kwamba Linet amekuwa mzito. Hawamjibu vibaya, wanarudia tu. Nyevu naye anapitia kibanda cha cherehani mara moja moja akitoka kwa mshauri wake. Analala kidogo, anasema, si kila siku. Huleta mahindi au embe mbichi, hukaa kwenye benchi, na wakishamaliza habari za watoto na za mvua, mmoja wao hulianzisha tena. Ulisema amelegea. Nilisema amechoka. Hawapandishi sauti tena.

Mwezi uliopita Linet alimwambia ukweli wote, habari ya mteja na ya kutokuwa na hakika. "Lakini niachie mimi," akamsihi. "Wewe una watoto wawili wa kulea. Sema tu ulisema amelegea, mimi nitalibeba. Nimelizoea."

Nyevu alikaa akipangusa vumbi kwenye leso yake, ingawa haikuwa na vumbi.

"Picha sina," akasema. "Nguo zake nilimpa dada yangu. Nikikuachia na hilo neno, Mama Emily, mimi nitabaki na nini cha Ziro?"

Linet aligeukia cherehani. Akasogeza kitambaa chini ya sindano, akakanyaga, na Nyevu akabaki benchini akimtazama anavyoshona, mpaka pindo likaisha.