Wananitaka Nipige Magoti kwa Sababu ya Stika ya i7

Kamwene wanangu. Admini, nifichie jina, maana huyu ninayemsema ana wajukuu humuhumu kwenye peji. Mimi ni bibi wa miaka sitini na nne, mjane, nina stesheneri yangu ndogo hapa Mbeya. Nachapa barua, naprinti mitihani ya shule, natoa kopi. Ndiyo inayonilisha. Na nina hasira, nawaambia mapema, asiyeweza maneno makali apite.

Kompyuta yangu ilikufa. Wanangu wakachanga waninunulie nyingine ya mezani. Fundi wa hapa mtaani alishanifundisha: "Bibi, prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, usibabaishwe na kuandikwa i7. Uliza kizazi. i3 ya kizazi cha kumi na mbili inaikimbiza mbali i7 ya kizazi cha kwanza, tena haili umeme, na bei unaimudu." Nikaandika kwenye karatasi: i3, kizazi cha kumi na mbili. Basi wanangu, Mungu awasamehe, pesa na karatasi wakampelekea mjomba wao Iringa. Kaka yangu. Eti mwanaume hatapeliwi! Nilinyamaza, na hilo ndilo kosa langu pekee.

Huyo kaka namjua tangu zamani. Miaka ya sabini, mimi nimemaliza la saba, baba alitaka mashine ya kusaga mahindi. Kaka alikuwa ametoka kutafuta kazi Makongolosi, anajiona amemaliza dunia. Akaleta injini kuukuu imepakwa rangi mpya ya kijani, imeandikwa kwa brashi "nguvu za farasi 20". Kijiji kizima kikaja kuitazama. Mimi na kiherehere changu nikaona kibati ubavuni, kimefunikwa na rangi. Nikakwangua kwa kucha, nikasoma kwa sauti kama tulivyofundishwa shuleni: farasi nane. Watu wakacheka. Baba alininasa kibao mpaka nikaona nyota, halafu nikapigishwa magoti mbele ya kaka niseme "nimekosa". Nikasema, nikiwa na miaka kumi na nne.

Injini ile haikumaliza hata mavuno ya mwaka huo. Ilizimika ikiwa na mahindi ya watu ndani. Mara barua yangu ikaja, nimechaguliwa sekondari. Hela ya sanduku, godoro na nauli yote imelala kwenye chuma kile. Kaka akasema, mama akisikia, "Mdomo wake ndio ulioitia mashine nuksi. Aolewe tu." Nikaolewa. Barua mama aliificha chini ya kitanda mpaka mchwa wakaila. Kuchapa nimejifunza ukubwani, nikiwa na mtoto mgongoni.

Sasa mwezi uliopita mjukuu wake alipata kipaimara, tukakusanyika kwake Ipogolo, hukohuko Iringa. Watu wamekula, wakwe wamekaa mbele, kaka akashika maiki. "Dada yangu aliniandikia i3, masikini. Mimi nikasema hapana! Dada yangu wa damu nampa i7!" Vigelegele. Kompyuta iko mezani, stika inang'aa.

Nikamwuliza kwa adabu kabisa, "Kaka, ni kizazi cha ngapi?"

Akacheka kwenye maiki. "Cha kwanza! Sisi wazee ni wa kwanza siku zote!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee wa miaka sabini na moja, hajui hata alichoulizwa, ananicheka.

Nikasogea. Pembe ya stika ilikuwa imenyanyuka kidogo. Nikaipitishia kucha, ikatoka yote. Chini yake kuna stika nyingine, imechakaa: i3. Nikaiwasha, nikafungua inapoandikwa habari za mashine, nikawasomea kwa sauti: i3, kizazi cha pili. Kizazi cha pili jamani! Kitu kilichotupwa na ofisi za watu, kimefutwa vumbi na kuvalishwa stika. Hakuna aliyecheka safari hii.

Kaka akaniinamia sikioni. "Bado hujaacha tu?"

Hapo ndipo niliumia. Miaka yote hii nilijipa moyo kwamba amesahau. Kumbe anakumbuka kila kitu! Kibati, kucha, magoti, yote anayo. Na hata pole hajawahi kunipa.

Mashine yenyewe iko hapa dukani. Nikifungua mitihani ya kurasa kumi inaganda, feni inalia, mwalimu anasubiri mpaka anakwenda kwa jirani. Lakini ukoo hauoni hilo. Wanaona nimemvua kaka nguo mbele ya wakwe. Jumapili hii kuna kikao. Natakiwa nipige magoti mbele yake, niseme "nimekosa". Nisipokwenda, kaka ameapa hatakanyaga kwenye msiba wangu, na mimi nisikanyage kwenye wake. Ndugu wa tumbo moja tumebaki wawili tu.

Mwanangu mkubwa ananipigia kila asubuhi. "Mama, si neno moja tu? Liseme yaishe." Neno moja! Yeye hajui mara ya kwanza lilinigharimu nini.

Msinitukanie kaka yangu, huyo nitamtukana mwenyewe. Ninyi nishaurini tu, Jumapili nifanye nini? Nikizikwa bila kaka nitaumia, sidanganyi. Ila nikipiga magoti, nitakuwa nimeomba radhi mara mbili maishani, na mara zote mbili kosa langu ni kujua kusoma.