Homa ya Ukoo Mgeni

Nilisikia mvumo kabla sijaona chochote. Ulitoka nyuma ya mlango wa kijani, ukipanda polepole kama nyuki wanaohama. Nilisimama kwenye ukumbi wa hospitali mjini Kakamega, koti jeupe mkononi, nikiogopa kubisha. Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mlango ulipofunguliwa niliona ni mashine tu, ile inayozungusha damu kwa kasi hadi chembe zikae chini na majimaji yabaki juu.

"Ingia, binti," akasema Msimamizi wa Maabara. "Hiyo haiumangi mtu."

Alikuwa mzee mrefu wa Shinyalu, asiyemnyima mtu mkono. Kwetu salamu ni kushikana mikono, na watu wote, hata mtoto aliye mgongoni. Ndiyo maana nilishtuka siku aliyokuja Ainea. Wakati huo nilikuwa nimeshapelekwa Butere, nikapima malaria mpaka macho yakachoka, kisha nikarudishwa Kakamega.

Ainea alikuwa akisoma Ulaya. Alikuwa amekuja wiki iliyotangulia kumkabidhi dada yake kwa bwana arusi, kwa kuwa baba yao alikuwa amefariki. Sasa kukhu wake, bibi aliyemlea kule Shinyalu, alikuwa wodini akihema kwa shida, na yeye mwenyewe alikuwa akikohoa.

"Mulembe, mzee." Akanyoosha mkono.

Msimamizi akatia mikono yake mfukoni. "Mulembe, kijana. Mkono utanidai siku ingine."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Kaa, fungua mdomo."

Nilipitisha kijiti chenye pamba nyuma ya koo lake, kisha nikaenda wodini kwa kukhu. Vijiti vyote viwili vilisafiri Nairobi ndani ya sanduku la barafu, maana kirusi ni kidogo mno kwa darubini yetu.

"Arusi ni Jumamosi?" Msimamizi akamuuliza Ainea.

"Jumamosi, Butere."

"Na wote utawasalimia."

"Nisipowasalimia watasema Ulaya imeniharibu."

"Babangu alikuwanga anasema homa inashuka Butere na gari la moshi. Pole pole, kituo kwa kituo. Hii yako imelala kwa ndege, ikaamka Shinyalu." Akafunga sanduku la barafu. "Sikukatazi. Lakini kukhu, ulimsalimia aje?"

"Nilimkumbatia," akasema Ainea, akatazama upande wa wodi.

Jumamosi baba yake mdogo ndiye aliyemtoa bibi arusi. Ainea alishinda kwenye benchi nje ya wodi, amevaa suti yake mpya, akisikiliza kifua cha kukhu kupitia dirishani.

Majibu yalikuja kwa simu, wiki kadhaa baadaye. Makoo yote mawili yalikuwa na kirusi kimoja, aina mpya iliyokuwa ikivuma kule alikosoma Ainea, na ambayo maabara ya Nairobi haikuwa bado imeipata nchini. Nilikaa chini. Msimamizi akanieleza kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

"Mwili ni kama watu wa Shinyalu. Mgeni akibisha, unamuuliza ukoo wake. Homa za zamani unazijua, unazifukuza. Lakini kirusi kikijinakili kinakosea kidogo, kinakosea tena, mpaka kinajibu kwa ukoo ambao mwili haujawahi kusikia. Ukisimama kushangaa, kimeshaingia ndani."

Kukhu, ambaye hakuwahi kupita Mumias, alikuwa ameanza kula uji. Tulipomwambia alicheka hadi akakohoa. "Kumbe nami nimefika Ulaya, na hata viatu sikuvaa."

Sasa nimestaafu, naishi Shirere. Wanafunzi waliopanga jirani huniuliza kuhusu mashine za siku hizi, nami huwaambia juu ya koo la kukhu yule. Kitu kisichoonekana kilivuka milima na bahari ndani ya pumzi ya kijana mmoja aliyekuwa na hamu ya kwao. Nilifanya kazi miaka mingi na mshangao huo haujanitoka.

Ainea alipokuja kuaga kabla ya kurudi Ulaya, kifua chake kilikuwa safi. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtoto aliyekanywa. Msimamizi akainuka, akavua glavu, akanawa, kisha akamnyooshea mkono yeye kwanza.

"Deni langu," akasema.

Walishikana muda mrefu. Nilijiuliza ni nani angekaa kando yake ndani ya ndege, na kutoka kwetu alibeba nini asichokijua. Kisha akachukua begi lake, akatoka, na mlango wa kijani ukajifunga taratibu nyuma yake.