Michoro ya Lavonne

Verlin Tostrud wa Wisconsin alikusanya mitego ya kale ya wanyama tangu ujana, na mwaka ule chama chetu cha wakusanyaji kilimpa kazi ya kuamua ni kitabu gani kiwaongoze wakusanyaji wapya. Vilibaki viwili: kimoja kipya chenye picha za rangi, na kingine cha zamani, kilichochorwa chote na marehemu mkewe, Lavonne.

"Chagua cha shemeji, mzee," mwanachama mwenzake, Duane, alimwambia huku akimmiminia kahawa. "Nani atakulaumu?"

"Ngoja nipime kwanza."

Alipanga mitego yake mezani, akailinganisha na michoro ya Lavonne, mmoja baada ya mwingine. Sura za mwanzo hazikuwa na kasoro. Kuanzia katikati, meno ya mitego ya dubu yalipungua, springi zikapinda ovyo. Ukurasa wa mwisho mistari haikukutana kabisa.

"Duane, Lavonne alikuwa akipofuka," alisema kwa sauti ndogo. "Kila jioni nilikaa naye meza moja, nikimhimiza amalize. Hakuniambia."

Verlin aliandika jina la kitabu kipya kwenye fomu, akatia sahihi, kisha akaufunika ukurasa ule wa mwisho kwa kiganja, akalia.