Springi ya Nne

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyooa, na mama yako akisikia hivi patachimbika. Ni siku niliyotengeneza gitaa vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika, kisha nikaliharibu kwa makusudi.

Wakati ule nilikuwa najifunza kazi kwa Mzee Saidi, fundi baiskeli hapa hapa Morogoro, na jioni napiga gitaa la rithimu kwenye bendi yetu ya vijana. Miaka miwili nilisubiri kupewa solo. Kiongozi wa bendi alikuwa karibu kunipa. Ndipo akateremka Dominiki, kijana wa Kiluguru, kutoka milimani, na gitaa la umeme aliloachiwa na marehemu mjomba wake. Kwa Waluguru, mwanangu, mjomba ni mtu mzito, na kitu chake hakiachiwi mtu yeyote tu.

Gitaa lile lilikuwa na mkono, kile kichuma kilichopinda pembeni mwa nyuzi. Ukikibonyeza nyuzi zinalegea, ukikiachia zinarudi, na sauti inayumba kama mtu anayeimba huku analia. Dominiki alipokibonyeza watu walipiga mayowe. Mimi nilikuwa nyuma nakwangua rithimu yangu, meno nimeyauma. Nilimwonea wivu, sikufichi. Nilimwonea wivu kwa vidole vyake, nikamwonea wivu hata kwa shati la kuazima lililomkaa kuliko langu la kununua. Mama yangu mzazi, siku moja nikimuaga kwenda mazoezini, aliniuliza, "Yule mtoto wa mlimani atakuwepo?" Hakuuliza kama mimi nitapiga.

Sisi Wanyamwezi na Waluguru ni watani, basi nikajificha humo. Nilimwita mla kabichi, nikamwambia gitaa lake linanuka samadi. Yeye akicheka, ananiambia nirudi kwetu Tabora nikarine asali. Wenzetu walidhani tunataniana. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwa Dominiki nilikuwa mimi.

Zikiwa zimebaki siku tatu tupige bugi la sikukuu, yaani dansi letu la mchana, ule mkono ukakatika, kipande kikabaki ndani ya tundu. Kiongozi alikwisha sema kwamba atakayepiga solo vizuri siku ile ndiye atakayebaki nayo. Dominiki akaniletea gitaa mimi. "Mtani," akasema, "hapa mjini fundi wangu ni wewe tu."

Nilifanya kazi, mwanangu. Nilikitoboa kile kipande kwa drili nyembamba, nikapigilia msumari niliouchonga pembe nne kwa tupa, nikauzungusha kinyume taratibu mpaka kikatoka chote. Nikachukua chuma cha breki ya baiskeli kuukuu, nikakipasha moto, nikakipinda, nikakata hesi, ile mizunguko kama ya skrubu, kwenye ncha. Mkono mpya ukaingia tundu lake bila kucheza. Mzee Saidi akautazama akasema, "Sasa umekuwa fundi." Alikuwa mgumu wa sifa yule mzee, na sifa ile ingenitosha mwaka mzima.

Haikunitosha. Alipokwenda kuswali alasiri, nikafungua mfuniko wa mgongoni mwa gitaa. Mle ndani mna springi nne zinazozirudisha nyuzi mahali pake. Nikachomoa moja, nikazikaza zilizobaki ili pale mezani lisikike sawa, na ile ya nne nikaitupa kwenye kopo langu la skrubu.

Siku ya bugi, wimbo wa pili, Dominiki akabonyeza mkono. Nyuzi zikalegea, na hazikurudi. Akatyuni haraka haraka, akabonyeza tena, zikapotoka tena. Watu wakaanza kupiga miluzi. Kiongozi akanipa ishara, nikasogea mbele nikapiga solo niliyoisubiri miaka miwili. Nilifurahi, usiniulize. Nilifurahi wimbo mmoja mzima.

Tulipomaliza nikamkuta ameketi nyuma ya spika, gitaa mapajani. Nilijiandaa kulaumiwa. Akasema, "Mtani, kazi yako haina kasoro. Ni mjomba. Mjomba hajaniridhia." Akaniachia lile gitaa, akisema hastahili kulishika, akapanda kwao.

Kesho yake Mzee Saidi alilikuta mezani, nikamweleza aliyoyasema Dominiki kuhusu mjomba, naye akalifungua. Alihesabu springi, akaona mahali patupu, akalimwaga kopo langu la skrubu.

"Maganga, hii ni nini?"

"Nilimtania tu, mzee. Yule ni mtani wangu."

Hakupaza sauti. "Mtani huchukua kuku wako mchana, mbele za watu, na wewe mwenyewe unacheka. Anayechukua kwa siri ni mwizi. Na wewe hukuiba springi. Umemwibia mtoto wa watu mjomba wake. Nenda kamrudishie, na useme mbele za wenyewe."

Nilipita Bigwa, pale mlima unapoanzia, asubuhi, nikapanda na gitaa begani mpaka kwao. Nikawakuta shambani, Dominiki, mama yake na majirani wawili. Nikaamkia, nikaeleza yote nimesimama, springi kiganjani. Mama yake akasema, "Mtani, umepanda mlima wote huu na kichuma hiki kimoja? Basi leo hupati ugali mpaka umwagilie karoti zote hizo." Majirani wakacheka. Dominiki hakucheka. Aliipachika springi mwenyewe, akapiga bila spika, akabonyeza mkono. Nyuzi zikaenda, zikarudi. "Kumbe mjomba hakunikataa," akasema, akalia mbele yetu. Nami nikiwa na ndoo kwenye matuta ya karoti, nikamsikia anavyopiga, na wivu ukanichoma tena pale pale.

Hakurudi kwenye bendi. Alikwenda kupiga kanisani kwao, na mpaka leo msimu wa mboga hanisahau. Solo nilibaki nayo mimi. Nikaipiga miaka, na watu walicheza, lakini mayowe yale sikuyasikia tena.

Nakueleza haya kwa sababu jana uliniletea gitaa la mwenzako mnayepiga naye kwenye kwaya, mkono umekatika, ukaniambia, "Baba, usiharakishe, hata Jumapili ikipita si neno." Sauti ile naijua, ilikuwa yangu.

Wivu utakujia, mwanangu, hauna hodi. Mimi mvi zote hizi bado unanitembelea. Ukija, usiuvike nguo ya mzaha wala ya kazi nyingi. Uutaje kwa jina lake, hata kama ni kwangu tu, halafu fanya kazi ya mwenzako kama unavyotaka yako ifanywe. Usisafirie nyota ya mwenzio. Hata ukifika nayo, haikuangazii wewe.

Gitaa liko tayari tangu alfajiri. Mfuniko wa nyuma nimeuacha wazi. Mpelekee leo, mzihesabu springi pamoja, ziko nne, kisha ufunge wewe kwa mkono wako. Jumapili akipiga, uwe wa kwanza kumshangilia, hata kama wivu umekushika.

Mungu akuzidishie kipaji chako, mwanangu, na akupe moyo wa kukivumilia cha mwenzako. Amina.