Nilimtaja Shemeji Yangu kwa Sababu ya Mfalme

Kosa ni langu, na sikusukumwa na mtu. Nasema hivyo mapema kwa sababu nikianza na habari ya mfalme mtadhani nataka kumtwika mzigo wangu. Mfalme hakunijua hata jina.

Mimi ni nyanya wa wajukuu kumi na mmoja, mjane, niko Kimulot, na shamba langu la chai linaishia pale msitu wa Mau unapoanzia. Kusoma nilisoma ngumbaru tu, nikiwa mtu mzima, kwa hivyo mnisamehe mwandiko. Lakini majina ya watu huwa sisahau. Nitayataja yote isipokuwa langu.

Ilikuwa mwanzo mwanzo wa miaka hii ya tisini. Chama kimoja cha kulinda wanyama wa msitu kilikuja kwetu, na afisa wao alikuwa kijana mpole, Wekesa. Alitusaidia wanawake wa kanisa kuanzisha nasari ya miti. Mimi nikachaguliwa mwenyekiti. Nilipenda hicho cheo, siwadanganyi.

Kila mama alipewa kalenda. Juu kulikuwa na picha ya mfalme wa nchi moja ya Ulaya, mzee mwenye nywele nyeupe, amepiga magoti kando ya mtoto wa ndovu anamshika sikio. Wekesa akatueleza kwamba huyo ndiye mlezi wa chama chote, dunia nzima. Nikaitundika sebuleni, karibu na picha ya marehemu mume wangu.

Siku moja Wekesa akaja mbio na habari. Mfalme anakuja Kenya, na atashuka kwa helikopta aone nasari yetu.

"Mama mwenyekiti, wewe ndiye utampokea," akasema.

Basi mimi nikasema nitampa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kama tunavyompokea mgeni mkubwa. Nikatoa kile kibuyu nilichopewa na mama yangu nilipoolewa, nikakisugua kwa mkaa wa mti wa senetwet, nikatia maziwa ya ng'ombe mmoja tu, yasichanganyike. Mjukuu akikisogelea namfukuza.

Wiki ile ya kumngoja, askari wa wanyama wakapata mtego wa waya msituni, si mbali na nasari. Ulikuwa na manyoya ya pongo, yule swala wa msituni. Wekesa akaja na askari wawili, uso umebadilika.

"Hii ni aibu, mama. Mfalme hawezi kuletwa mahali watu wanatega wanyama, na waandishi wa magazeti wako na yeye. Nisipopata mwenye huu waya, ziara inapelekwa pengine."

Wanawake wote wakaangalia chini. Rael Tabutany peke yake ndiye alijibu. "Sisi tunaangalia miche. Msitu hatuangalii."

Hilo ndilo jibu mtu mwenye akili angetoa. Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa na la kuandika.

Mwenye waya nilimjua. Alikuwa Arap Mosonik, mdogo wa marehemu mume wangu. Nilipobaki na watoto wadogo, ni yeye aliyekuwa akiniletea paja la pongo ndani ya gunia la majani chai. Anaweka mlangoni anasema, "Shika, shemeji. Huyu mbuzi hana mwenyewe." Tunacheka, tunapika. Hata mwezi ule nilikuwa nimekula. Mbwa wangu alikuwa bado na mfupa.

Nikamfuata Wekesa mpaka kwa Land Rover yao, wenzangu wasisikie. Nikasema, "Angalieni ghala ya mahindi kwa Arap Mosonik." Nikarudi kumwagilia miche.

Kesho yake asubuhi walimshika akikamua. Wakampitisha mbele ya lango langu na pingu. Akaniona, akaniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, kama kawaida yake, akasema, "Nikamulie yule mweusi, nimemwacha katikati."

Nikaenda nikamkamua. Mkono huu ninaoandika nao.

Alifungwa mwaka mmoja na nusu.

Na mfalme je? Siku ilipofika tulivaa sare, tukaimba tangu asubuhi. Saa saba helikopta ikaja, ikazunguka juu ya chai mara moja, ikaenda. Wekesa akasema ni ukungu. Hakukuwa na ukungu hata kidogo. Rael Tabutany akachukua kile kibuyu mikononi mwangu akamimina. "Kunyweni, wamama. Leo mfalme ni sisi." Wenzangu walikunywa. Mimi sikuonja.

Haukuisha mwezi, nikaenda kununua sukari kwa Njoroge, yule wa kutoka Nyeri mwenye duka pale kituo cha kuuzia majani chai, tunamwita Baba Wanjiku. Akaniona kwa mlango akainua gazeti.

"Mama mwenyekiti, njoo umsalimie mgeni wako."

Nikaangalia. Ni yeye, nywele zilezile. Amesimama na bunduki kubwa, nyuma yake ndovu amelala chini, amekufa, na mfalme anatabasamu. Njoroge akasoma yote kwa sauti. Kumbe akitoka kwetu alipitiliza hadi nchi nyingine huko kusini, akaenda kuwinda. Sasa kwao watu wamekasirika, wanauliza mlezi wa wanyama anaua wanyama namna gani.

Mwalimu Koskei alikuwa amekaa juu ya gunia la mbolea. Akasema, "Lakini ana leseni. Huko inaruhusiwa. Amelipa, na hiyo pesa inalinda wale ndovu waliobaki."

"Kwa hivyo Arap Mosonik alikosa risiti tu," Njoroge akasema.

Duka lote likacheka. "Angemtega ndovu," mwingine akaongeza, "angekuwa kwa kalenda." Mimi nikalipa sukari yangu, nikaenda.

Baadaye redio ikasema wale wa chama wanagombana. Wengine wanataka mfalme aondolewe ulezi, wengine wanasema amewasaidia miaka mingi, mnyama mmoja si kitu. Nilipomuuliza Wekesa, alijibu, "Mama, hayo ni ya wakubwa." Mnyama mmoja si kitu! Na pongo wa shemeji yangu alikuwa na nini?

Nilikasirika sana, bado nimekasirika. Kalenda niliwashia jiko. Tangu siku hiyo, kila nikipeleka majani kituoni namtukana mfalme mpaka lori lije, na watu wananichokoza makusudi ili nianze. Lakini ngoja niseme ukweli. Zile kelele zote nilizipiga ili nisisikie neno moja, kwamba mdomo uliomtaja Arap Mosonik ulikuwa wangu. Mfalme nilimfanya mahali pa kujificha.

Arap Mosonik akatoka jela amekonda, ana kikohozi. Akakaa akihesabu nani alimtaja. Hesabu yake ikaangukia Arap Kirui, jirani yake, ambaye walitahiriwa pamoja na walikuwa wakiingia msituni pamoja. "Tulitega sisi wawili," aliniambia. "Mbona yeye alilala kwake? Shemeji, wewe unaonaje?"

Nikajibu, "Watu siku hizi hawajulikani."

Hilo ndilo kosa la pili, na ni baya kuliko la kwanza.

Kituoni wakaanza kumwita Arap Kirui "redio ya askari." Akiweka kikapu chake kwenye foleni, wengine wanasogeza vyao kando. Alivumilia. Sasa Chebet, binti ya Arap Mosonik, na Kipng'eno, kijana wa Arap Kirui, walikuwa wamependana tangu shule. Arap Kirui akafikiri labda hiyo itaponya mambo. Akaja na wazee wake kwa koito, yale mazungumzo yetu ya kuposa.

Kwenye koito wazee huuliza kama kuna neno kati ya hizi nyumba mbili, kwa sababu mtoto haolewi juu ya neno. Mimi nilikuwa ndani na wamama wa upande wa msichana. Arap Mosonik akasimama.

"Neno liko. Huyu aliuza mwenzake."

Arap Kirui akasema polepole, "Mosonik, mimi na wewe tulitoka jandoni siku moja. Sikukutaja."

"Basi alinitaja nani? Pongo mwenyewe?"

Hakuna aliyecheka. Mzee aliyesimamia akauliza kama kuna mtu mle ndani anajua vingine. Akauliza tena. Nikainua kichwa nikakuta Rael Tabutany ananiangalia. Siku ile ya mtego aliniona nikimfuata Wekesa mpaka kwa gari lake, na sasa alikuwa akiningoja. Mara ya tatu mzee akauliza. Nikafunga kitambaa changu vizuri, nikanyamaza.

Wageni wakaondoka chakula kikiwa motoni. Kwetu hilo halisahauliki.

Chebet alienda kuchuma chai kwa kampuni huko Kericho, na Krismasi hafiki nyumbani. Arap Kirui akauza shamba lake, michai aliyopanda na baba yake, akahamia Sigor ambako ni kukavu, analima mahindi. Mimi nikabaki kanisani nikiimba.

Mwaka huu nimeshindwa kuendelea. Nilimfuata Arap Mosonik katikati ya chai yake nikamwambia yote. Hakuacha kuchuma. Alijaza mikono mara mbili, tatu, akatupa kikapuni. Halafu akasema, "Mimi usiniambie. Nenda Sigor."

Nikaenda Sigor. Arap Kirui amezeeka kunishinda. Mke wake akanipa chai, nikaongea mpaka mwisho bila kumwangalia. Akaniuliza, "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Walionitukana walikuwa soko lote. Sasa unakuja kuniambia mimi, mtu ambaye nilijua siku zote kwamba sikusema."

Nikamuuliza kama atanisamehe. Akasema, "Kunywa chai, inapoa."

Ndiyo maana ninaandika. Nyinyi wa Kimulot, na nyinyi mliohama, nisikilizeni. Arap Kirui hakumtaja mtu. Kama ulimwita redio ya askari, kama ulisogeza kikapu chako, ulikosea, na aliyekukosesha ni mimi. Anayemjua Chebet huko Kericho amsomee hapa. Kipng'eno hajaoa, nilimkuta palepale Sigor.

Jina langu bado limenishinda kuandika. Rael Tabutany amenikemea kwa hilo, na ana haki.

Na wewe mwingine uliyenyamaza mahali mtu akiumia kwa ajili yako, usijifariji kwa kumtukana mkubwa fulani wa mbali. Nenda ukaseme leo, wakati anayehitaji kuambiwa bado ni mtu mmoja. Mimi nilichelewa, na sasa sijui hata nianze kugonga mlango wa nani.