Nundu Yangu na Mlango wa Ukweni

Jamani, aibu hii nilikusudia kuizika, ila kwa kuwa mchumba wangu Hamisi kashaitangaza Korogwe nzima, bora mnisikie mimi mwenyewe.

Nina nundu mguuni, pale kidole gumba kinapoanzia, mfupa umetokeza nje na kidole kimewalalia wenzake, na nimeishi nayo bila ugomvi mpaka mama yake Hamisi alipotualika mimi na mama chakula cha mchana kwao Handeni ili tujuane, ndipo nikajiuliza (shetani huyo) mkwe akiuona mguu huu atasemaje, nikakimbilia mitumbani nikanunua viatu vyeusi vilivyochongoka mbele, vinabana kama koleo lakini nundu haionekani kabisa. Nikasahau kitu kimoja tu, kwamba mlangoni kwa watu viatu huvuliwa.

Tulipofika mguu ulishavimba kwa safari. Kiatu cha kushoto kikatoka, cha kulia kikagoma, nikavuta, nikaegemea ukuta, Hamisi akashika kisigino naye akavuta, mimi huyo chini puu na gauni langu jipya, kiatu kikaruka kikatua kwenye sinia la pilau lililokuwa linapita. Mkwe (nesi mstaafu, na Hamisi hakuniambia) hakuangalia pilau, aliangalia mguu.

"Hii ni ya ukoo, mwanangu?"

Ningesema ndiyo, yangeisha. Lakini niliona ndoa inaota mbawa, nikajibu palepale sakafuni, "Shikamoo mama. Hapana, juzi nilijigonga mlangoni."

Wakati huo mama yangu alishavua sendozi zake anapita mkekani peku, miguu yote miwili ina nundu kubwa kuliko yangu. Mkwe akaitazama, akanitazama.

"Na mama naye alijigonga mlango huohuo?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini, mimi natamani ardhi ipasuke. Mkwe akatueleza kuwa mlango hauleti nundu, mara nyingi mtu hurithi umbo la mguu, halafu viatu vya kubana vinaizidisha na kuiumiza. Kisha akanigeukia.

"Wajukuu wenye nundu nitawalea. Kumkana mama yako, hilo ndilo sitaki liingie humu."

Hapo mama akaacha kucheka, na hiyo iliniuma kuliko kiatu. Nikamshika mkono mbele ya wote nikasema nimerithi kwake. Tukapakuliwa pilau iliyobaki jikoni, na ndoa ikawa bado ipo.

Siku hizi navaa viatu vyenye nafasi mbele, na mtu akianza kuniuliza mguu huu nimeutoa wapi, namtaja mama kabla hajamaliza swali.