Nilisema picha imetoka safi, sasa mume wangu amegoma dripu

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu nawasalimu. Admin, jina langu lifiche kabisa (hilo la Mama Neema humu ni la kubuni), maana huku Mwika ukurasa huu tunausoma wote. Mimi ni mama wa miaka 49, Mkatoliki, mkulima wa ndizi na kahawa, shule niliishia la saba. Naandika nikiwa nimejifungia jikoni kwa aibu.

Mume wangu ana saratani ya tezi, wanaiita limfoma. Ilianza kwa mitoki shingoni, tukadhani ni jino. Alipoanza dripu za kemo mjini Moshi ile mitoki ikayeyuka, akawa anatania wauguzi kwamba nywele zake zimeenda likizo. Katikati ya matibabu akapigwa CT scan nyingine. Siku ya majibu alikuwa hoi, nikamwacha kwenye benchi nikaingia peke yangu.

Daktari akaniambia, "Mama, dawa inafanya kazi. Ila kuna tezi za kifuani bado hazijaisha. Hizo mkono haufiki, ndiyo maana tunazitafuta kwa picha. Amalizie dripu zote, halafu tupige tena tuone."

Nilielewa. Naapa nilielewa. Lakini nilipotoka akaniinulia macho kama mtoto. "Enhe, Mama Neema?" Nikasema, "Imetoka safi." Nilitaka acheke tu, tukifika nyumbani nimweleze taratibu.

Ndugu zangu, alicheka, na palepale akaanza kuwapigia watu simu. Jumamosi jumuiya yetu ya kanisa ikasali kwetu. Mwenyekiti akasema, "Mama Neema, tushuhudie!" Nikasimama na ile picha nyeusi, nikaielekeza dirishani, watu wakachungulia mbavu.

"Mnaona? Hakuna kitu."

Bibi mmoja akauliza, "Na hicho cheupe?"

"Huo ni moyo, bibi."

Vigelegele! Na mimi wala sijui moyo kwenye picha unakaaje.

Zamu ya dripu ilipofika mume wangu akagoma. "Nikafanye nini? Mungu ameponya, umeshuhudia mwenyewe na picha mkononi. Nikionekana tena pale si namwaibisha?" Nikambembeleza kwamba ni za kumalizia tu. Akanicheka: "Mwanamke, imani yako ya kuazima!" Sasa anaamka shati limelowa jasho, na kifua kinambana. Hospitali walipopiga simu kuuliza mbona haji, nikadanganya tena, nikasema yuko msibani Holili.

Kila nikitaka kumwambia ukweli naishia kumuuliza kama atakunywa uji. Nimemdanganya yeye, na uongo wenyewe nimeutolea shukrani kwa Mungu.

Kwetu Wachagga mtu akikuletea jani la isale kuomba msamaha, huwezi kumkatalia. Leo nimelikata, nimelifunga ndani ya khanga. Lakini isale inamfunga mtu asamehe, haimrudishi hospitali. Namjua mume wangu. Atanisamehe, kisha atakataa kwenda ili watu wasijue mkewe ni mwongo. Atakaa hapahapa afe kwa kunisitiri.

Nimpelekee isale kwanza tuongee wawili? Au Jumamosi nisimame mbele ya jumuiya niseme nilidanganya, ili asibaki na aibu yangu ya kuificha? Nishaurini jamani, hata kwa kunitukana, ila msikawie. Yuko uani, namsikia anakohoa.